Mkundekunde: mti wa asili unaochanua kiangazi, na namna ya kuupanda na kuutunza nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha mkoani Dodoma, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba, miche ya miti hutolewa vitaluni na kupandwa katika viwanja vya makazi, shule, zahanati na ofisi. Kazi hiyo hufanyika kwa moyo mmoja, na wananchi hujitokeza kwa wingi. Hata hivyo, si jambo geni kupita katika viwanja hivyo hivyo mwezi Oktoba unaofuata na kukuta vijiti vikavu vimesimama mahali palipokuwa na miche.

Sababu za miche hiyo kufa ni nyingi, lakini iliyo kubwa ni moja: mti uliochaguliwa haukulingana na mahali ulipopandwa. Mti unaohitaji maji mwaka mzima hauwezi kudumu katika mji unaopata msimu mmoja tu wa mvua, hasa pale ambapo mwenye nyumba ananunua maji kwa ndoo.

Makala haya yanaeleza juu ya mti mmoja wa asili wa nyanda kavu za Tanzania, mdogo kwa umbo, mvumilivu wa ukame na wenye maua ya kupendeza, ambao mwananchi anaweza kuupanda katika kiwanja chake na kuutunza kwa gharama ndogo. Mti huo ni mkundekunde, ambao mahali pengine huitwa mbaraka au mulimuli. Jina lake la kisayansi ni Cassia abbreviata.

Kwa nini mti wa asili, na kwa nini Dodoma

Dodoma imekuwa ikijengwa kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kutekeleza kwa vitendo, mwaka 2016, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi katikati ya Tanzania. Mwaka 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya Jiji. Nyumba zimeongezeka, barabara zimepanuliwa, na vichaka vilivyokuwa vikizuia upepo na vumbi vimeondolewa katika maeneo mengi. Ni katika mazingira hayo kampeni ya Kijanisha Dodoma ilizinduliwa mwaka 2017 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Mhe. Samia Suluhu Hassan, kwa lengo la kurejesha miti katika makao makuu ya nchi.

Changamoto ya kampeni yoyote ya aina hiyo ni maji. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya kiangazi, yenye jua kali na upepo. Sehemu kubwa ya maji ya Jiji hutoka katika visima vya eneo la Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Kumbukumbu za vipimo vya visima hivyo, zinazovuka miaka 50, zinaonesha kuwa hazina hiyo ya maji chini ya ardhi haijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, ambayo huenda ikapishana kwa miaka kadhaa. Kwa maneno mengine, ndoo ya maji inayomwagiliwa mti leo huenda inatokana na mvua ya miaka mingi iliyopita.

Kwa hiyo, suala la mti gani upandwe nyumbani linahusu pia matumizi ya rasilimali ya pamoja, wala haliishii katika uzuri wa kiwanja. Miti mingi inayopamba miji yetu ilitoka mbali: mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, mjohoro ulitoka Asia ya Kusini Mashariki, mwarobaini na mwashoki ilitoka Asia. Miti hiyo ina manufaa yake na hakuna sababu ya kuikata. Lakini mkundekunde haukuhitaji kuletwa. Huota wenyewe katika misitu na vichaka vya nyanda kavu, kuanzia Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, mara nyingi juu ya vichuguu, kwenye miteremko ya vilima na kandokando ya makorongo.

Utambuzi wa mti

Mkundekunde ni mti wa jamii ya mikunde. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 3 hadi 10, ukiwa na shina moja fupi na matawi yanayotanuka kwa umbo la mviringo. Gome lake ni la kahawia iliyokolea au kijivu, nalo hukwaruza linapozeeka. Jani lake ni la mchanganyiko, yaani vijani vidogo vimepangwa kwa jozi pande mbili za kikonyo kimoja, nalo hupukutika wakati wa kiangazi.

Sifa inayoutambulisha mti huu kuliko nyingine zote ni maua. Kuelekea mwisho wa kiangazi, wakati ardhi imekauka na miti mingi haina hata jani, mkundekunde hutoa mafungu ya maua makubwa ya njano yenye harufu nzuri. Maua hayo hutangulia majani mapya au huchomoza pamoja nayo. Mti hautegemei mvua ya wakati huo ili uchanue. Hutumia akiba iliyohifadhiwa katika shina na mizizi yake tangu msimu uliopita.

Baada ya maua hufuata maganda marefu ya duara kama fimbo, yanayoning'inia kutoka matawini. Ganda moja linaweza kufikia urefu wa sentimita 60 hadi 90. Likiwa changa huwa la kijani na lina vinyweleo laini kama mahameli. Likikomaa hugeuka kahawia iliyokolea. Ndani yake kuna vyumba vidogo vingi, na mbegu zimezungukwa na nyama laini ambayo ndege na nyani huila na hivyo kusambaza mbegu porini.

Ni muhimu mwananchi ajue kuwa jina mkundekunde hutumika pia kwa mimea mingine ya jamii hiyo. Anayenunua mche anashauriwa kutaja jina la kisayansi, au aombe kuoneshwa mti mama. Miti miwili ndiyo inayochanganywa zaidi na huu.

Wa kwanza ni Cassia fistula, mti wa Asia unaopandwa sana katika bustani. Huo nao una maua ya njano na maganda marefu, lakini maua yake huning'inia kama mikufu mirefu, vijani vyake ni vikubwa zaidi, na maganda yake ni meusi na laini yasiyo na vinyweleo.

Wa pili ni Senna spectabilis, mti wa Amerika ya kitropiki unaokua haraka na kutoa mbegu nyingi mno. Maua yake ya njano husimama wima kwenye ncha za matawi. Tahadhari inahitajika hapa, kwa kuwa mti huo umekuwa mvamizi katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, ambako uliziba nafasi ya mimea ya asili. Mwananchi anayepanda mti huo nyumbani akidhani ni wa asili anaweza kueneza tatizo bila kukusudia.

Manufaa na mipaka yake

Mkundekunde una ukubwa unaolingana na viwanja vya makazi vya mijini. Hauhitaji nafasi kubwa kama mbuyu au mkuyu, na ukishakomaa hauhitaji kumwagiliwa. Maua yake huvutia nyuki, hasa wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Chavua ya maua haya imefungwa ndani ya vifuko vyenye uwazi mdogo, na nyuki huitoa kwa kulitikisa ua kwa mtetemo wa mwili wake. Mvumo unaosikika chini ya mti uliochanua unatokana na kazi hiyo.

Pamoja na hayo, ni vyema mambo mawili yakaelezwa wazi ili mwananchi asije akakata tamaa baadaye.

Jambo la kwanza ni kuwa mti huu hupukutisha majani. Kwa wiki kadhaa za kiangazi utakuwa mtupu, na kivuli chake kitakuwa chepesi. Anayetaka kivuli kizito mwaka mzima mbele ya baraza anashauriwa kuuchanganya na mti mwingine usiopukutika.

Jambo la pili ni kuwa si kila mti wa jamii ya mikunde unarutubisha udongo kwa kunasa naitrojeni kutoka hewani. Mkundekunde hauna vifundo vya mizizi vinavyofanya kazi hiyo. Majani yake yanayoanguka na kuoza huongeza mboji, lakini mtu asitegemee uchukue nafasi ya samadi.

Kupata mbegu na kuziandaa

Maganda hukomaa wakati wa kiangazi. Yaliyo tayari huwa ya kahawia iliyokolea, na ni bora yachumwe mtini kuliko kuokotwa chini, kwa sababu yaliyolala ardhini mara nyingi yameshashambuliwa na wadudu. Mbegu zikusanywe kutoka miti kadhaa iliyo mbalimbali badala ya mti mmoja, ili miche iwe na tofauti za kurithi zitakazoisaidia kuhimili maradhi na ukame. Maganda mengine yaachwe kwa ajili ya ndege na wanyama.

Kukusanya mazao ya misitu ndani ya hifadhi kunasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kunahitaji kibali. Vilevile, kung'oa miche porini hakushauriwi hata pale panaporuhusiwa, kwa kuwa mzizi mkuu wa mti huu huzama chini mapema na hukatika unapong'olewa. Mwananchi asiye na mti mama karibu anaweza kuulizia mbegu au miche kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), au kwa Afisa Misitu wa Halmashauri yake.

Baada ya kuvunja maganda, mbegu zitolewe, zioshwe hadi nyama yote iondoke, kisha zianikwe kivulini. Zenye matundu zitupwe. Njia rahisi ya kutenganisha mbegu nzima na zilizoliwa na wadudu ni kuzitia katika maji ya baridi: zinazoelea mara nyingi huwa tupu.

Ganda la mbegu ya mkundekunde ni gumu na halipitishi maji kwa urahisi. Porini ugumu huo huilinda mbegu isiote kwa mvua moja ya kupotosha; kitaluni huchelewesha uotaji. Ili kuulainisha, chemsha maji, yaepue motoni, yaache yapoe kidogo, kisha yamimine juu ya mbegu yakiwa mengi kuzizidi mara kadhaa. Ziache humo usiku kucha. Asubuhi, mbegu zilizovimba ziko tayari kusiwa. Zisizovimba zinaweza kusuguliwa taratibu kwa msasa upande mmoja, mbali na kitovu chake, hadi rangi ya ndani ionekane, kisha zilowekwe tena. Mbegu zisichemshwe pamoja na maji motoni, kwani hilo huua kiini.

Kitalu cha nyumbani

Kwa mkazi wa Dodoma na mikoa jirani, wakati mzuri wa kusia mbegu ni Agosti au mapema Septemba. Miche itakuwa na umri wa miezi mitatu hadi minne mvua zitakapotulia.

Udongo wa viriba uandaliwe kwa kuchanganya sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga. Panapokuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, mchanga uongezwe. Viriba viwe virefu kuliko vile vya mbogamboga ili mzizi mkuu upate nafasi. Mbegu izikwe kina kinacholingana na mara mbili ya unene wake. Ikizikwa chini sana huchelewa au huoza. Mbegu zilizoandaliwa vyema kwa kawaida huanza kuota ndani ya wiki moja hadi mbili.

Miche iwekwe chini ya kivuli chepesi kwa wiki za mwanzo na imwagiliwe asubuhi au jioni bila kutuamisha maji. Kuanzia mwezi wa pili, viriba vinyanyuliwe kila baada ya wiki mbili na mizizi inayotokeza chini ikatwe. Asiyefanya hivyo atakuta mzizi umezama ardhini, na siku ya kuhamisha mche utaukata ghafla na kuudhoofisha. Wiki tatu au nne kabla ya kupanda, kivuli kiondolewe hatua kwa hatua na maji yapunguzwe, ili mche uzoee jua utakalokutana nalo kiwanjani.

Katika hatua hii mwananchi asishtuke akiona mche haurefuki haraka. Mti wa nyanda kavu hujenga mizizi kwanza, shina baadaye. Mche wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, shina gumu na mizizi iliyojaa kiriba, ni bora kuliko mrefu uliolegea.

Mahali na wakati wa kupanda

Mti upandwe mahali penye jua la kutosha na pasipotuama maji. Mkundekunde huvumilia udongo wa kichanga, wenye changarawe na usio na rutuba nyingi, lakini hauvumilii mizizi yake kukaa kwenye maji. Katika maeneo ya mbuga yenye udongo mweusi, shimo liinuliwe kwa kifusi kidogo ili maji ya ziada yapite pembeni.

Umbali wa mita 5 kutoka ukuta wa nyumba unatosha kulipa tawi nafasi ya kutanuka na kuepusha majani kuziba mifereji ya paa. Mti usipandwe chini ya nyaya za umeme, juu ya bomba la maji wala karibu na shimo la maji taka. Kama lengo ni kupunguza joto la alasiri, upande wa magharibi wa nyumba ndio unaofaa.

Kuhusu wakati, ieleweke kuwa Siku ya Taifa ya Upandaji Miti huadhimishwa Aprili Mosi, ambapo katika maeneo mengi ya nchi masika huwa yameshika. Dodoma iko katika ukanda wa msimu mmoja, na Aprili ni mwezi wa mvua kuaga. Mche utakaopandwa hapa tarehe hiyo utakutana na kiangazi kabla mizizi yake haijatoka nje ya shimo. Kwa mikoa ya ukanda huu, mti unatakiwa uwe ardhini kuanzia nusu ya pili ya Desemba hadi mwisho wa Januari, baada ya mvua kulowanisha udongo kwa kina cha mkono.

Shimo lichimbwe mapema, kabla mvua hazijaanza, wakati ardhi bado inaruhusu kuona tabaka zake. Kipimo cha sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina kinafaa. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Siku ya kupanda, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza na urudishwe shimoni kwanza. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote. Kukiacha ni kuufunga mzizi. Shingo ya mche, yaani mahali shina linapokutana na mizizi, ilingane na usawa wa ardhi.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo miche mingi inapopotea, na ndipo hesabu ndogo inapoweza kumsaidia mwananchi.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Mche ukizungukwa na kisahani kipana kinachokusanya maji ya eneo la mita 3 kwa mita 3, mvua ya milimita 10 huupatia lita 90 bila mtu kubeba ndoo. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya umwagiliaji ni jembe: kuinua tuta dogo la duara upande wa chini wa mteremko ili maji yasikimbie.

Kiangazi cha kwanza, kuanzia Mei hadi Novemba, kina wiki 30 hivi. Mche mmoja unahitaji takribani lita 20, yaani ndoo moja, kila wiki. Jumla yake ni lita 600 kwa kiangazi chote. Kiangazi cha pili ndoo moja kila baada ya wiki mbili inatosha, sawa na lita 300. Kuanzia kiangazi cha tatu, mti ulioshika mizizi unaweza kumwagiliwa mara chache sana au kuachwa kabisa.

Lita 600 zinaonekana nyingi, lakini paa la nyumba lenye ukubwa wa mita 6 kwa mita 10 hupokea kiasi hicho katika mvua moja ya milimita 10. Hata baada ya kuondoa yanayopotea kwenye mifereji, mvua mbili za aina hiyo zikihifadhiwa katika tanki zinatosha kuvusha mche mmoja kiangazi kizima. Mwenye nyumba asiye na tanki anaweza kutumia maji ya kusuuzia nguo au kuoshea mboga, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo wala sabuni nyingi.

Maji yamwagwe kwa wingi mara moja kwa wiki, wala si kikombe kila siku. Kikombe cha kila siku hulowanisha vumbi la juu tu, nayo mizizi huyafuata maji hayo juu, mahali panapokauka kwanza. Ndoo nzima huzama chini na kuivuta mizizi kwenye kina. Njia nyingine ni kuzika chupa ya plastiki iliyotobolewa vitundu chini, shingo ikibaki juu, na kuijaza ili maji yapenye polepole karibu na mizizi.

Juu ya kisahani yatandazwe majani makavu au nyasi kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Matandazo hayo hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Yasigusane na shina. Paachwe nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili kutowaalika mchwa.

Ulinzi na matunzo

Adui wa kwanza wa mche katika makazi ni mbuzi. Uzio wa miiba au vijiti unatakiwa uwekwe siku ile ile ya kupanda, wala si baada ya mche kuliwa. Mchwa ni adui wa pili, hasa kwa miche iliyodhoofishwa na kiu. Mche wenye maji ya kutosha huwahimili zaidi. Shina likaguliwe kila wiki, na vijia vya udongo vinavyopanda vibanduliwe mapema.

Viwavi huweza kuonekana juu ya majani, wakiwemo wa vipepeo weupe wenye rangi ya limau. Kwa mti uliokwisha kushika, uharibifu wao hupona wenyewe, na kupulizia dawa kunawaua pia nyuki wanaohitajika wakati wa maua.

Mti ukipukutisha majani katika kiangazi cha kwanza, usidhaniwe umekufa. Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha: kukionekana kijani chini yake, mti u hai na uendelee kumwagiliwa. Miche mingi hung'olewa ikiwa imelala tu.

Matawi ya chini yapunguzwe kidogo kidogo kadiri mti unavyopanda, bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ifanyike baada ya maua kuanguka, ili maua ya msimu yasipotee. Mti uliooteshwa kwa mbegu huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuchanua mara ya kwanza.

Gome la mti na afya ya jamii

Mkundekunde ni miongoni mwa miti inayotumiwa sana katika tiba asili Afrika Mashariki na Kusini. Magome na mizizi yake hutumika kwa homa, maumivu ya tumbo na maradhi mengine. Umaarufu huo ndio unaouhatarisha mti wenyewe.

Chakula kinachotengenezwa na majani husafiri kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, njia hiyo hukatika. Mizizi hufa kwa njaa, na mti hufuata, hata kama majani yataendelea kuonekana mabichi kwa muda. Karibu na vijiji na miji, miti mingi yenye majeraha ya aina hiyo huonekana kandokando ya njia. Kuupanda mti huu majumbani kunaongeza miti mama nje ya misitu na kupunguza shinikizo kwa ile ya porini, lakini nao uliopo nyumbani unahitaji kulindwa dhidi ya wachunaji.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kuwa na mti uani si idhini ya kujitibu. Kiwango cha dawa hutofautiana kati ya mti na mti, na matumizi ya kupita kiasi yanaweza kuleta madhara. Mwenye homa afike kituo cha kutolea huduma za afya apimwe. Waganga wa tiba asili wanasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria ya mwaka 2002.

Kuhesabu miti iliyo hai

Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo hilo hutimia kwa idadi ya miche iliyopandwa, lakini manufaa yake hupatikana kwa ile iliyosalia. Kwa kaya, kipimo ni chepesi: andika tarehe ya kupanda, na ukague mti mwishoni mwa Novemba, kabla mvua mpya hazijaanza. Mti uliofika siku hiyo ukiwa hai umevuka kiangazi chake kigumu kuliko vyote. Uliokufa nao una la kufundisha: shimo lichimbuliwe, iangaliwe kama mizizi ilitoka nje ya udongo wa kiriba, kama mchwa waliingia au kama maji yalituama, kabla mche mwingine haujawekwa mahali hapo hapo.

Kwa ufupi, maganda yachumwe kiangazi, mbegu zisiwe Agosti, mashimo yachimbwe Novemba, mche upandwe kati ya Desemba na Januari, na ndoo moja ya maji itengwe kila wiki hadi Novemba inayofuata. Kwa ushauri zaidi kuhusu upatikanaji wa mbegu, miche na udongo wa eneo husika, mwananchi afike katika ofisi ya Afisa Misitu wa Halmashauri yake au ofisi ya TFS iliyo karibu.